Sarafu Ishirini za Kaka Yangu Norbert

Kaka yangu Norbert Kostichka ana sarafu ishirini, na kwa ajili ya hizo ishirini nimegombana naye kuliko nilivyowahi kugombana na mume wangu. Watu wa hapa Kewaunee watakwambia Norbert ni mtu mpole. Wao hawajakaa naye jikoni.

Sanduku lake ni la mbao, dogo, unalibeba kwapani. Lina nafasi ishirini, na kila sarafu imo ndani ya kikasha chake cha plastiki cha mraba, vyote saizi moja. Sheria yake ni kwamba ikiingia mpya, moja inatoka. Kwa hiyo mpya lazima iwe nzuri kuliko ile mbovu kabisa iliyomo, na "mbovu kabisa" kwa Norbert ni sarafu ambayo wewe na mimi tungeifanyia sherehe. Alifanya kazi miaka thelathini na nane kwenye kiwanda cha sufuria, akinoa vyuma vya kukatia, kazi ya kupima kwa unywele, na jicho alilolipata kule akalihamishia kwenye sarafu. Katika klabu yetu, inayokutana kila mwezi chini ya maktaba, hakuna aliyenunua kitu Norbert hajakitazama. Akiguna tu, unakirudisha. Wengine siku hizi hupeleka sarafu zao zikapimwe na wataalamu, zikarudi na cheti. Yeye anacheka. "Nilipe mtu anikodishe macho yake? Kwani yangu yamekufa?"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Sasa mume wangu, Harlan, yeye alikuwa na makopo. Makopo ya kahawa kumi na moja, yamejaa senti za shaba, senti tano, senti kumi, za kila mwaka na kila hali, nyingine zimechakaa hata sura haipo. Jumapili tukitoka kanisani anamwaga kopo mezani, anafungulia mpira redioni, anapanga senti kwa miaka mpaka sina pa kuweka sahani. Nilikuwa nalalamika, sikatai, mdomo ninao. Lakini Harlan alikuwa anaimba, jamani. Mwanamume anapanga senti huku anaimba, wewe utamfanya nini? Unamwachia.

Norbert hakumwachia. "Shemeji, haya makopo ni ya sarafu au ya chakula cha kuku?"

"Haba na haba hujaza kibaba, shemeji."

"Kibaba cha takataka ni takataka tu."

Wanacheka wote wawili, wanaongeza bia. Ndio utani wa mashemeji, sikuona ubaya. Lakini miaka ilivyokwenda utani ukageuka mahubiri. Harlan, utakufa, Arlys mkeo atayauza kwa kilo. Harlan, uza yote, nunua moja, moja tu, lakini iwe sarafu. Maji yakidondoka kila siku, hata jiwe hutoboka. Vuli ya mwaka juzi Harlan akakubali. Makopo yote kumi na moja yakaondoka kwenye gari la mtu wa Green Bay, na baada ya wiki mbili, kwenye maonyesho ya sarafu Appleton, Norbert akamchagulia dola ya fedha ya mwaka 1893, iliyopigwa San Francisco. Dola za mwaka ule zipo, lakini zenye herufi ndogo S chini ya mkia wa tai ni adimu, na ile S ndiyo bei yote. Norbert aliielekeza dirishani, akaigeuza mara moja, akasema, "Hii." Harlan akalipa.

Nyumba ikawa kimya. Jumapili Harlan anatoa dola yake, anaitazama dakika tano, anairudisha. Amemaliza. "Nzuri sana," ananiambia, kwa sauti ya mtu anayesifu chakula cha hospitali.

Machi hii watu wa bima ya nyumba wakataka karatasi ya thamani ya dola ile. Nikaichukua bila kumwambia Harlan, nikaipeleka kwenye maonyesho ya masika pale ukumbi wa shule. Muuza sarafu mwenye meza pale aliiweka chini ya lenzi, akakaa nayo muda mrefu mno.

"Mama, hii S imebandikwa."

"Imebandikwa vipi?"

"Dola ni ya kweli, mwaka ni wa kweli. Herufi ndiyo ya kutiwa. Tazama pembeni yake, unaona mstari?"

Nikatazama. Mimi nisiyejua tofauti ya sarafu na kifungo cha koti, niliuona mstari.

Nilikaa kwenye gari na hasira zangu. Ama Norbert hakuitazama, ama aliitazama akanyamaza, na sikujua lipi baya zaidi. Halafu hofu ikanishika. Ile haikuwa dola tu, yalikuwa makopo kumi na moja na nyimbo zake. Harlan akijua, patakuwa na nini tena kati yake na Norbert? Miaka arobaini na mmoja hao wawili wamekula samaki wa Ijumaa meza moja. Norbert hakuoa, hana mtoto. Ana sisi na lile sanduku.

Jumatatu asubuhi nikaenda kwake. Nilikuwa nimejipanga. Nikasema, kama mwenzangu ameacha kutazama, kama siku hizi anasifu kwa mazoea tu, leo namkamata papo hapo. Sanduku lilikuwa mezani, wazi. Alipoingia jikoni kuchukua kahawa, nikatoa mbili nikazibadilisha nafasi: senti ile kubwa ya zamani, ya shaba, rangi ya kahawia, na nusu dola ya fedha, nyeupe pe. Uzito wake karibu sawa. Nikakaa vizuri kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Akarudi, akanimiminia kahawa, kidole kimoja amekitia ndani ya kikombe changu. Nikajisemea, haya, uzee huu, hata adabu imekwisha.

"Nionyeshe ile senti yako kubwa," nikamwambia.

Uso ukamchangamka. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye nafasi ya tatu, akaitoa nusu dola, akaielekeza dirishani, akainamisha kidogo kushoto, kidogo kulia, vile vile anavyofanya klabuni watu wakimzunguka. "Tazama kahawia hiyo, dada. Miaka mia moja na sabini, hakuna aliyeisugua. Unaona hapo shavuni inavyoingia wekundu?"

Jua la asubuhi lilikuwa linapiga ile fedha mpaka inaniumiza macho.

Niliyokuwa nimeyapanga yote yakanikauka mdomoni. "Norbert," nikasema, "hiyo ni ya fedha. Nimezibadilisha."

Aliishusha taratibu mno. Viganja vyote viwili akavifunika juu ya sanduku. "Umebadilisha ngapi?"

"Mbili tu."

"Arlys, usinifanyie mchezo. Ngapi?"

"Mbili, kaka. Haki ya Mungu, mbili."

Nilizirudisha mahali pake mbele yake, nikimtajia kila moja, naye midomo inahesabu nafasi. Halafu ndipo akasema. Macho yake, mwaka wa tatu huo. Pembeni anaona, mlango anauona, gari bado anaendesha hadi dukani, Mungu atusamehe. Lakini katikati pana doa. "Kitu ninachokitazama ndicho nisichokiona. Nikitaka kuona uso wako inabidi nitazame sikio."

"Daktari?"

"Alisema haitarudi."

"Na hukutuambia!"

"Niwaambie nini? Norbert asiye na jicho klabuni ni nani? Ni mzee mwenye kisanduku."

Nikamwambia habari ya dola ya Harlan. Sikutaka kumwambia vile, siku ile, lakini ilikuwa imenijaa kifuani na mimi sina kifua. Nikafikiri atajitetea, maana Norbert hajawahi kukosa utetezi tangu tukiwa watoto. Badala yake aliinuka, akapapasa koti lake mlangoni, akachukua sanduku. "Nipeleke kwake."

"Tusubiri kidogo, tufikirie..."

"Nipeleke, Arlys. Nikikaa chini sitainuka."

Harlan alikuwa mezani na kolache yake, andazi la plamu, na gazeti. Norbert hakuvua hata kofia. Alisema yote akiwa amesimama: macho, miaka mitatu, ile S. Alitazama upande wa friji wakati akisema, na mimi tu ndiye niliyejua kwamba alikuwa anajaribu kumwona Harlan.

Harlan alikwenda chumbani akarudi na dola yake. Akaitazama kwa lenzi. Haikuchukua muda.

"Siku ile Appleton," akasema, "macho yangu yalikuwa mazima. Na lenzi hii hii nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa. Unajua kwa nini sikuitoa?"

"Najua."

"Niliona nikiitoa nakutukana! Nimeuza makopo yangu, Norbert. Ungeniambia 'Shemeji, sioni.' Maneno mawili! Tungerudi nyumbani tukacheka."

"Ningebaki nani, Harlan?"

"Ungebaki shemeji yangu, mpumbavu wewe!"

Harlan hajawahi kupaza sauti ndani ya nyumba ile. Mimi ndiye mwenye kazi hiyo. Nilijikuta nimeshika kitambaa cha vyombo, nalia.

Norbert akaliweka sanduku mezani, akalisukuma mbele kwa vidole. "Chagua moja. Yoyote."

"Sitaki."

"Kama hutaki, Ijumaa sitakuja. Nitamezaje samaki mbele yako?"

Harlan alinitazama, nikamkubalia kwa kichwa. Akavuta kiti. Akaanza ya kwanza, akaitazama mbele, nyuma, ukingoni, akairudisha. Ya pili. Ya tatu. Norbert amekaa upande wa pili, mikono magotini, anasikiliza vikasha vinavyotoka na kuingia kama anasikiliza hukumu. Kumi na mbili za kwanza Harlan hakusema neno ila mara moja moja "Lo!" ya chini chini, na kila "Lo!" ilimtuliza Norbert mabega.

Kuanzia ya kumi na tatu, Harlan akabadilika. Moja aliitazama mara tatu. Akanisogezea lenzi, na kidole chake kikanionyesha: mikwaruzo myembamba, sambamba, uso mzima. Sarafu ilikuwa imesuguliwa, na katika ulimwengu wao sarafu iliyosuguliwa imekufa. Nyingine ilikuwa na tarehe ya kuchongwa upya. Zikawa nne kwa jumla, zote za miaka hii mitatu, na nikakumbuka kwamba kwa kila moja iliyoingia, Norbert alitoa moja safi, ya zamani ya macho yake, akaiuza.

Nikafungua mdomo. Harlan akanikazia macho, nikaufunga. Alizirudisha zote nne mahali pake, moja moja, na sauti ya kikasha kikigonga mbao ilikuwa ile ile ya zile nyingine.

"Vipi?" Norbert akauliza. "Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Zote?"

"Zote, shemeji. Sanduku lako halina mfano."

Norbert alishusha pumzi niliyoisikia hadi kwenye sinki. "Basi chagua. Usinionee huruma, chukua unayoitaka kweli."

Mkono wa Harlan ulipita juu ya zile kumi na sita nzuri, hata haukusita. Akatoa ile yenye mikwaruzo.

"Umechukua ipi?"

"Ya kumi na saba."

Norbert alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu, akiitazama friji.

"Mwizi mkubwa wewe," akasema. "Umechukua bora kuliko zote."

"Najua," akasema Harlan, akaitia mfukoni.