Shilingi mia ya dhahabu, buchani Riruta

Karani wa benki amethibitisha mchana huu: sarafu ya Mzee Wafula ni halali.

Alichelewa kidogo. Mzee alikuwa ameshapigwa jiwe la jicho.

Wafula ni mpishi aliyestaafu. Alikwenda buchani kununua mbuzi, akatoa sarafu ya dhahabu aliyozawadiwa na tajiri wake akirudi Ulaya.

"Mzee, shilingi mia ni noti," mwenye bucha akamwambia. "Hii umeichonga wapi?"

Akaigonga kwa shoka. Ikabonyea.

"Bandia! Mwizi!"

Mateke, rungu, mawe. Nilipaza sauti wamwache, lakini nani anisikie?

Ndipo karani, aliyekuwa akipita, akaitazama. Alisema dhahabu halisi hubonyea, na kwamba sarafu hizo hutengenezwa ziuzwe ng'ambo kwa wanaozikusanya. Sokoni kwetu hazifiki.

Umati ukageuka. Wale wale wakamvamia mwenye bucha, wakamvunja mkono.

Mzee Wafula akajikokota katikati yao, uso damu tupu. "Mwacheni, nyinyi! Nani atanichinjia mbuzi?"

Wengine wakacheka. Nanyi mngecheka?

Daktari atafungua bendeji Alhamisi saa nne asubuhi. Kabla ya hapo hasemi kama jicho litaona.