Walivyotupisha Dukani

Juzi, huku Utemini, mjukuu wangu alinionyesha mchezo kwenye simu. Kuna kijiji na duka, na watu wameketi barazani wakipiga soga. Mtu wake alipoketi, wengine wakainuka wakaondoka.

"Bibi, huyu hawamtaki," akasema huku anacheka. Mimi sikucheka.

Nilipokuwa mtoto mama alikuwa mjane, na kijijini walisema ndiye aliyemuua baba kwa uchawi. Sikulijua hilo. Mchana mmoja tulifuata chumvi dukani. Baraza lilinuka mafuta ya taa na jasho la watu waliotoka kupura mtama. Mama alipoketi, benchi zima likasimama. Nilifurahi, maana kwetu mkubwa akija hupishwa. Mwenye duka akatusukumia chumvi kwa fimbo, nikaona ndiyo adabu ya dukani.

Nikapiga goti. "Shikamooni. Asanteni kwa kumpisha mama."

Wakacheka hadi wakakohoa. Mzee mmoja akasema, "Marahaba. Na wewe ukikua utapishwa hivyo hivyo."

"Asante, babu."

Njiani mama alinichapa kwa kandambili mpaka ikakatika. Tangu hapo alinituma dukani peke yangu, nami nikaenda nikiringa.