Nyumba za Mviringo Kando ya Reli

Nilifundisha jiografia Uvira, Kongo, kwa miaka tisa, na mpaka leo nikiona ramani siwezi kunyamaza. Durban tulikokimbilia hawakuwa na haja na mwalimu wa jiografia anayefundisha kwa Kifaransa, basi nikajifunza kubadilisha vioo vya simu katika duka moja la Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Wateja wananijua. Ukiniuliza njia ya kwenda Isipingo, nitakutajia na mito utakayovuka.

Kwa hiyo siku Mama alipopigiwa simu kwamba yeye na mdogo wangu wa mwisho wamepata nafasi ya kwenda Marekani, na kwamba kanisa la mji mmoja mdogo wa wakulima limejitolea kuwapa nyumba, mimi sikulia wala sikupiga vigelegele. Niliuliza jina la mji, kisha nikaufungua kwenye ramani ya setilaiti.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri wa kufundishia. Tambarare tupu, bila kilima hata kimoja cha kumtesa Mama magoti kama mteremko wetu wa Berea. Mto mdogo kaskazini, reli katikati, barabara mbili zikikutana, na mashamba yamekatwa mraba mraba kama daftari la hesabu. Nilikuwa nimeshaupenda. Tatizo likaja niliposoma idadi ya watu. Jengo letu peke yake liliwazidi.

Mama akaniangalia. "Watu wote wa mji?"

"Wote, Mama. Na watoto wachanga."

"Sasa nitasalimia nani? Mimi siendi."

Hakuwa akitania. Mama yangu anaishi kwa kusalimia. Akishuka kununua nyanya huchukua saa nzima, maana kuna mlinzi wa mlangoni, kuna wanawake wa saluni ya ghorofa ya pili, kuna mama Mrundi wa vitumbua, na kila mmoja lazima aulizwe ameamkaje, na mgongo, na watoto. Mahali pasipo na watu alipaogopa kuliko alivyoogopa ndege. "Na nyinyi mtabaki huku," akasema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Ni kweli, tungebaki. Mimi nina mume na watoto wawili, faili letu la ukimbizi ni jingine, nalo lilikuwa bado linasubiri.

Lakini yeye na mdogo wangu walikuwa faili moja. Mama akikataa, mtoto wa miaka kumi na sita anabaki, na jibu lilitakiwa ndani ya wiki. Mdogo wangu aliacha kula. Mimi nilikasirika, nakiri, nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Kisha nikarudi kwenye ramani kutafuta watu.

Nikawapata. Kando ya reli, na pembezoni mwa mashamba, kulikuwa na mapaa ya mviringo yanayong'aa, mengine yamepangwa mawili mawili. Nilimkimbilia Mama na simu mkononi. "Tazama, makazi ya mstari! Watu wamejenga kufuata reli."

Mama alivaa miwani. "Iko nyumba ya mviringo," akasema polepole. "Kama zile za Wazulu, tulizoona siku tulienda mazishi kule milimani."

"Zenyewe kabisa."

"Kumbe Wamarekani nao." Akacheka, na alipocheka nikajua tumeshinda. Wazulu wa nyumba zile walikuwa wametupa maji na viti bila kutujua. Siku ya tatu alikubali, kwa sharti moja: mkono mtupu haulambwi, hivyo kila nyumba ya mji ule ipate kitambaa cha kufuma, naye apite kuisalimia mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mapaa. Nilihesabu mara tatu, kwa maringo ya mtaalamu: nyumba za kawaida ishirini na sita, za mviringo kumi na nane.

Vitambaa arobaini na vinne! Jengo zima lilishika sindano. Wanawake wa saluni walifuma huku rangi ikikauka kichwani mwa wateja. Mama wa vitumbua alifuma vitano, vyote vya njano. Mume wangu alikatazwa kukaa kwenye kochi kwa sababu lilikuwa ghala. Sijawahi kuona furaha ya namna ile ndani ya vyumba viwili, na siku ya safari sanduku la Mama lilikuwa na vitambaa kuliko nguo.

Wiki ya pili kule, simu ya video iliniita nikiwa dukani. Mdogo wangu ndiye aliyeishika. Mama, ndani ya koti kubwa la kuazima, alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mviringo ya bati, ndefu kupita ghorofa zetu, isiyo na dirisha. Aligonga kwa adabu. Bati likalia. Mzee mmoja akashuka ngazi za pembeni, akamtazama Mama, akatazama kitambaa, akafungua kijimlango cha chini. Mahindi yakamwagika miguuni mwa Mama.

Nilitamani ardhi inimeze. Maghala! Miaka tisa darasani, na nimemtuma mama yangu ng'ambo kusalimia mahindi.

"Mwalimu," akaniita.

"Nipo, Mama."

"Hapa haiko mtu."

"Nisamehe, Mama."

Nikangoja alie, au anitukane, au aseme arudishwe. Aliinama, akachota mahindi kwa mikono miwili. Akamwambia mdogo wangu amuulize mzee kama ghala limejaa mpaka juu. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaonyesha na yale mengine.

"Sisi tulilala njaa ndani ya nyumba," Mama akasema. "Hapa mahindi iko na nyumba. Nitaogopa nini?" Kisha akampa mzee kitambaa chake. "Zile ishirini na sita nimesalimia zote. Watu wazuri, ila hawajui kukaa. Unaingia, wanasimama."

"Na vitambaa vilivyobaki?"

Alihesabu kwenye mfuko. "Kumi na saba. Hivi siwapi tena watu wa huku, ni vya wenye watakuja. Nyinyi iko wanne. Wengine utafute wewe, hapo kwenye jengo. Ukishapata, niambie majina, nijue nangojea nani."

Simu ikakatika. Nilichukua karatasi nyuma ya kaunta, nikaandika sisi wanne kwanza, halafu mama wa vitumbua, halafu mlinzi, halafu saluni. Nilipofika kumi na saba nilikuwa bado sijatoka ghorofa ya pili.