Falme za Dada Skola

Sisi tuliokulia Mpanda enzi za umeme wa kukatika tunajua jambo ambalo vijana wa leo hawalijui: ufalme mzima unaweza kufa kwa sababu jenereta la mji limechoka. Leo mtoto bando likimwishia katikati ya gemu analia mpaka majirani wanadhani kuna msiba. Sisi tulipoteza nchi nzima, na watu wake na ng'ombe wake, karibu kila Jumamosi, halafu tukatumwa dukani kama kawaida.

Kompyuta ilikuwa ya baba mdogo, mwalimu, aliyekuja nayo kwa treni kutoka Tabora ikiwa imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Aliiweka sebuleni kwetu kwa sababu chumba alichopanga kilikuwa kinavuja. Ndani yake kulikuwa na gemu moja tu, la kuanzisha ufalme. Unakata miti, unalima, unachimba dhahabu, unajenga ukuta, unafundisha askari, na huku jirani naye anapanga kukuvamia. Halikuwa gemu la kukimbia na kupiga risasi ovyo. Ukikosea kugawa watu wa shambani na wa mgodini, njaa inaingia na watu wako wanaanguka mmoja mmoja. Baba yetu alilima mpunga Mwamkulu, mjomba alichimba dhahabu porini, kwa hiyo hilo hatukuhitaji kufundishwa.

Tatizo ni kwamba sidii ya gemu lile ilikuwa ya kunakili. Ukibonyeza pa kusevu, kompyuta inaganda. Kila tulichojenga kiliishia pale umeme ulipokatika, kioo kinakuwa cheusi na unabaki unajiona uso wako mwenyewe umeduwaa. Siku ya kwanza nililia. Dada yangu Skolastika, aliyenizidi miaka minne, hakulia. Alikwenda kuchukua kaunta buku aliyonunuliwa kwa ajili ya noti za historia, akaketi kwenye kigoda, akaandika: "Ufalme wa Kakese umeanguka leo. Waliosalia wamekimbilia milima ya Mwese."

Basi Jumamosi iliyofuata hatukuanza upya. Tulikuwa wale wakimbizi, tumefika Mwese na mbuzi wachache. Ufalme ule nao ukafa na umeme, tukahamia Karema. Kila nchi ilikuwa mtoto wa nchi iliyotangulia, na ukoo wote uliishi ndani ya kaunta buku ya Skola.

Mimi nilishika kipanya, yeye alishika kalamu. Sheria yake ilikuwa moja. "Subiri kwanza niandike, Vero. Usibonyeze." Adui yuko getini na mikuki, mimi kidole kiko tayari juu ya kipanya, na dada ametoa ncha ya ulimi anaandika taratibu kama anayeandikia askofu barua. Aliandika hata aibu zetu. "Vero amesahau kujenga ghala. Wamekufa watu kumi na wawili." Na wale kumi na wawili hakuwaacha hivi hivi, kila mmoja alimpa jina na kazi. Mama muuza samaki wa migebuka alikufa kishujaa mara mbili. Mwalimu wetu wa hesabu alikufa katika falme tatu, zote kwa uzembe wake mwenyewe. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua na vitu ambavyo haviko tena, alinishangaa. "Sasa nisipowaandika, nani atajua kwamba walikuwepo?"

Bado nasikia harufu ya kompyuta ile ikipata moto, vumbi lililoungua kidogo, ikichanganyika na karanga alizokaanga mama. Tulikula huku tunatawala, na maganda yake yaliingia hadi kwenye kibodi. Wenzetu nje wanacheza rede na kombolela, kelele zao zinapita dirishani. Mama naye alikuwa na maneno yake. "Kompyuta haipaliliwi, nyie. Majembe yako pale." Siku nyingine alisimama nyuma ya Skola, akasoma kidogo, akaguna. "Hao watu wako wanakula nini? Maana wa kwangu wanakula ugali, na ugali unataka kuni." Tulikwenda kutafuta kuni tukicheka, tukibishana njia nzima kama tungejenga ukuta kwanza au ghala kwanza.

Baba mdogo alihamishwa, akaondoka na kompyuta yake. Skola aliolewa, akamzaa Neema. Mimi nikawa mwalimu, na kaunta buku ikabaki kwangu. Kila alipokuja kunitembelea aliidai kabla hata ya maji ya kunywa, tunasoma tunacheka mpaka mumewe anatushangaa. Kurasa za nyuma zilikuwa bado nyeupe. Alisema tutazimaliza tukizeeka.

Hakuzeeka. Malaria ilimpanda kichwani akiwa kwangu, akaugua siku tatu tu. Neema alikuwa na miaka mitatu.

Misiba ya kwetu mnaijua. Turubai halijasimama, tayari anatafutwa mwandishi, na mwandishi anataka daftari: nani wanachimba kaburi, akina mama wa jumuiya ipi wanapika mchana, wageni wa kutoka Mpimbwe wanalala kwa nani. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja mlangoni, amevua kofia.

"Mwalimu, pole sana. Humo ndani halikosekani daftari lenye kurasa wazi. Tusaidie."

Mwalimu gani anakosa daftari? Niliinama, nikapapasa chini ya kitanda, nikatoa kaunta buku ya kwanza niliyoigusa. Nilifungua nyuma, nikaona nyeupe. Mbele kulikuwa kumeandikwa, na nilitaka mwandishi asichanganyikiwe, kwa hiyo nilizichana kurasa zile zote kwa mkono wangu. Sikusoma hata mstari. Macho yalikuwa yamevimba na kichwa kilikuwa hakipo. Karatasi nilimpa mama mmoja aliyekuwa anahangaika na moto, kuni zilikuwa mbichi.

Nilipopita tena jikoni, karatasi moja ilikuwa imechomoza kati ya mafiga, imeanza kuungua ukingoni. Niliuona mwandiko ule wa kulalia kushoto. "Mwaka wa njaa, Mwese. Tumebaki saba." Niliinama kuivuta. Yule mama akaniwahi, akaisukuma ndani kwa kijiti.

"Acha, mwalimu, utaungua. Moto nitawasha mimi. We kapumzike."

Angejuaje? Nilisimama pale nikiangalia mpaka maji yalipochemka, na watu wakadhani namlilia dada, nami kweli nilikuwa namlilia. Chakula kile nilikila. Hilo nalo sijajisamehe.

Hakuna kingine chenye mwandiko wake. Madaftari yake ya shule yaliliwa na mchwa zamani, na meseji zake kwenye simu zina herufi zile zile za kila mtu. Enzi zetu hakuna kitu kilichojitunza chenyewe, ukitaka kibaki ulikaa chini ukakiandika. Leo Neema ana miaka tisa, namlea mimi, anajenga miji kwenye simu yangu. Umeme ukikatika, simu ikizima, akiwasha anaikuta miji yake imesimama vile vile, na akiichoka anaifuta kwa kidole bila hata kuguna. Nataka kumcheka, nasema watoto wa siku hizi hawajui uchungu wa kitu. Kisha nakumbuka nani alichoma nini.

Siku moja aliniuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa anaandikaje?" Nilinunua kaunta buku mpya. Nilidhani nitaziandika upya falme zote kutoka kichwani. Wa Kakese ulikuja, na wa Mwese ulikuja nusu. Baada ya hapo sikumbuki ni upi uliovamiwa na upi uliokufa njaa, na katika majina yote ya wale waliokufa nimeambulia manne. Hata hivyo Neema huisoma tukitoka kanisani, kidole juu ya mstari, kila neno kwake ni la mama yake.

Jumapili iliyopita alifika mahali adui anaingia mjini. "Hapa mama alisema nini?"

Sikukumbuka. Alinitazama kwa hamu mpaka nikaona vibaya, nikamwambia mama yake alisema, "Fungueni ghala watu washibe kwanza, kukimbia na njaa ni kufa mara mbili." Neema alicheka sana. Jioni nilimsikia akimwambia rafiki yake, "Mama yangu alikuwa anasemaga hivyo," na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuisikia.

Skola hakusema hivyo. Au labda alisema, sijui tena. Jumapili ijayo atauliza swali jingine nami nitajibu, na kila ninapomjibu, mama yake anazidi kukua na dada yangu anazidi kunipotea.