Niliwaandikia watoto wa bendi malengo ya nyimbo sita, baritoni ikakutwa kavu

Wakuu, salaam kutoka Mabawa, Tanga. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Ninachokileta hapa kimenipata mwenyewe muhula uliopita. Watoto wapo, vyombo vipo, mashahidi wapo.

Chumvi itakuwepo kidogo. Mimi ni mtu wa pwani hii, chumvi tunaivuna wenyewe, nitaionea uchungu wa nini? Ila kuna sehemu moja huko mwishoni sitatia hata punje. Tukifika nitawaambia.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi baiskeli. Sekondari nimeisomea madarasa ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto wawili. Darasani kwetu kulikuwa na mzee mmoja ambaye mwalimu alimpa shikamoo kabla ya kumsahihishia daftari. Cheti nilipokipata nilikitembeza mtaa mzima, hata kuku wa jirani wanakifahamu.

Tarumbeta nimejifunzia Maramba, nilikokulia. Baba alihamia kule kufanya kazi za mashambani, tukawa Walutheri wa usharika mdogo wenye bendi kubwa kuliko kanisa lenyewe. Nimepuliza kwenye harusi nyingi kuliko siku nilizoishi duniani.

Sasa mada.

Shule ya msingi moja ya jirani iliazimwa vyombo kumi na viwili na bendi ya usharika wetu wa hapa mjini. Kiongozi wa bendi hiyo ni Mzee Yoeli, fundi cherehani, mtu mpole sana. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu lake unalifuata mchana.

Pale shuleni hakukuwa na mwalimu hata mmoja anayejua kupuliza. Mzee Yoeli akanitaja mimi.

Watoto kumi na wawili, wa darasa la tano na la sita. Kuna Wadigo, Wabondei, Wasambaa, na mmoja anaitwa Imran, mtoto wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Hakuna aliyewahi kushika chombo cha kupuliza zaidi ya filimbi ya plastiki.

Mwalimu Mkuu, mama mmoja wa Kisambaa asiyependa porojo, akaniita ofisini.

"Fundi, azimio la kazi liko wapi? Nataka kujua mpaka tunafunga shule mwanafunzi aweze kufanya nini."

Nikakaa pale pale, nikaandika: mwanafunzi aweze kupiga nyimbo sita, wa kwanza wimbo wa taifa.

Akavua miwani. "Sita? Kwa muhula mmoja? Hawa wasiojua hata chombo kinashikwaje?"

"Mama, hapo nimejizuia. Nilitaka kuandika kumi na mbili."

Akatingisha kichwa, akasaini.

Siku ya kwanza nikawagawia vyombo. Baritoni, lile dubwana la shaba ambalo unalikumbatia kama mtoto, lilimwangukia Zaituni wa darasa la tano. Mwembamba, mkimya, analelewa na bibi yake anayeuza vitumbua barabara ya pili kutoka kwangu. Alipolikumbatia, ulikuwa unaona miguu na kilemba tu... samahani, ushungi. Miguu na ushungi.

Akapuliza. Chombo kikatoa mlio mmoja mnene, mrefu, wa kuchechemea.

Nami mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Jamani! Meli inaomba kuingia bandarini!"

Darasa lote chini kwa kicheko. Nikacheka na mimi, tukaendelea.

Kumbukeni hapo, nitaparudia.

Sasa kuna jambo la sisi watu wa tarumbeta ambalo wengine hamlijui. Bendi ikiwa kwenye msafara wa harusi, na kuna kipande hukijui, hupulizi. Unaweka chombo mdomoni, unachezesha vidole, unavimbisha mashavu, unatembea na wenzako. Kwetu Maramba tuliita "kubeba chombo". Si aibu, ni ustaarabu. Bora ubebe kuliko kuharibu harusi ya watu.

Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikawafundisha watoto hilo. "Usipojua kipande, beba. Usiharibu wimbo."

Wiki ya tano tukawa na nyimbo nne. Nne, wakuu! Mwalimu Mkuu akawa anaweka vema kwenye karatasi yangu. Mimi kibandani nikawa nawaambia wateja kwamba bendi yangu ikipiga, Pemba wanasimama wima.

Ndipo Mzee Yoeli akaja kuangalia vyombo vyake.

Akasikiliza nyimbo zote nne, amefumba macho. Hakupiga makofi. Akainuka, akaanza kupita kwa mtoto mmoja mmoja. Anainamisha chombo, anabonyeza kile kifungo kidogo cha kumwagia maji, na kiganja chake kipo chini.

Nieleze. Ukipuliza chombo cha shaba, pumzi yako inageuka maji mle ndani. Dakika arobaini za kupuliza, lazima utamwaga. Hakuna ujanja.

Kwa Imran, maji. Anayefuata, maji. Wa tatu, hamna kitu. Mzee akamtazama mtoto, akapita.

Alipofika kwa Zaituni akabonyeza mara tatu. Baritoni ilikuwa kavu kama daftari jipya.

Vyombo vitano vilikuwa vikavu.

Mzee Yoeli akafuta kiganja kwa leso, akanivuta pembeni.

"Fundi, una wapulizaji saba na wapagazi watano."

"Mzee, lakini nyimbo si umezisikia?"

"Nyimbo nimezisikia. Watoto sijawasikia." Akaikunja leso yake, kisha, "Siku ya kufunga shule nitarudi. Nitamsikiliza mmoja mmoja. Chombo kitakachokuwa kikavu naondoka nacho. Kule usharikani kuna vijana wanasubiri zamu."

Zilibaki wiki tatu na siku mbili.

Watoto wakaanza kurudisha vyombo stoo. Zaituni alikuwa anaifuta baritoni kwa pindo la sketi. Hakuna aliyekuwa anafuta chombo kama yeye. Ungeweza kujinyolea mle kama kwenye kioo.

Nikamuuliza, "Mbona hupulizi, mwanangu?"

"Ulisema tusipojua tubebe."

"Wiki tano zote hujui hata sauti moja?"

Akaendelea kufuta. "Siku ya kwanza nilipuliza, mwalimu."

"Ikawaje?"

"Nikawa Meli."

Na Imran, ambaye hana ubaya ila masikio yake yapo kila mahali, akadakia kutoka mlangoni: "Meli! Imetia nanga!" Wenzake wakaangua kicheko. Ilionekana hicho kicheko ni cha kila siku.

Wakuu, jina lile nililitoa mimi. Na nilikuwa nimeshalisahau.

Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli badala ya kuipanda, sijui hata kwa nini.

Kesho yake nikapita kwa Mzee Yoeli kwenye cherehani yake. Nikamweleza yote. Akamaliza kupiga pindo la suruali nzima ndipo akasema:

"Lile lengo lako la nyimbo sita ni la bendi. Mtoto ana lake. Mwache aandike kitu kimoja ambacho mtu aliyefumba macho atakisikia, ajue huyu ni fulani, na ameweza."

Basi mchana ule nikasimama mbele ya wale kumi na wawili. Nikasema, "Zaituni, siku ya kwanza nilikufanyia utani mbaya. Nisamehe."

Mtu mzima kumwomba radhi mtoto wa darasa la tano mbele za watu, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kuona.

Zaituni akasema, "Haya." Basi, hilo tu.

Imran akanyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi tuombe?"

"Na nyie."

Wakaomba, wengine huku wanacheka kwa aibu, lakini waliomba.

Nikafuta nyimbo sita ubaoni. Nikafuta na ile sheria ya kubeba chombo. Kila mmoja nikampa kipande cha karatasi.

Imran akaandika anataka kuwa mpuliza tarumbeta bora Afrika Mashariki na Kati. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuelewa kuliko unavyodhani, lakini mtu aliyefumba macho atajuaje?" Akafikiri, akafuta, akaandika: "Nisikimbie mbele ya ngoma." Na ni kweli, ngoma ya shule nilikuwa naipiga mimi, na Imran na ngoma walikuwa wanafika mwisho wa wimbo kwa siku tofauti.

Zaituni akaandika: "Nitoe sauti moja isikatike mpaka mwalimu ahesabu nane."

Moja! Tabia yangu ikaniwasha. Nikamwambia, "Ongeza japo kawimbo kadogo."

"Nikiweza hii, nitaongeza mwenyewe."

Nikafunga mdomo.

Tukaanza. Alitaka apulizie nyuma ya stoo, ameelekea ukutani, nami nahesabu nikiwa nimempa mgongo. Siku ya kwanza, hewa tupu. Ya pili, mbili. Wiki ilipoisha, nne. Kisha akarudi mbili, siku mbili mfululizo hataki hata kunitazama. Akapanda tano. Akafika sita, akakwama hapo.

Bibi yake akanisimamisha njiani. Nikampa shikamoo. "Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa matarumbeta? Mjukuu wangu umemfanya nini? Siku hizi hata moto wa vitumbua anaupuliza kwa kuhesabu. Juzi majivu yote kwenye unga!"

"Amefika ngapi, bibi?"

"Ngapi nini?"

Siku moja kabla ya kufunga, bado ilikuwa sita.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, wazazi wamekaa kwenye madawati uwanjani. Mwalimu Mkuu ana makaratasi ya watoto mkononi, anasoma lengo, mtoto anapuliza. Mzee Yoeli amekaa kiti cha mbele, amefumba macho.

Imran hakuikimbia ngoma. Baba yake alipiga makofi kabla wimbo haujaisha.

Kati ya wale watano wa vyombo vikavu, watatu walilowesha. Hamza, wa nne, alipuliza tromboni ikagoma. Alisema mwenyewe kwamba moyo wake uko kwenye ngoma. Mzee akaichukua tromboni taratibu, akaiweka karibu na kiti chake. Niliona Zaituni akiitazama pale chini.

Zamu yake ilikuwa ya mwisho.

Mwalimu Mkuu akasoma: "Sauti moja, hadi nane." Mtu huko nyuma akaguna, sauti moja tu?

Akapuliza. Hewa.

Kuna mtoto mdogo akacheka. Imran akageuka kama askari. "Kimya wewe!"

Zaituni akashusha chombo, akavuta pumzi, akakipandisha tena. Sauti ikatoka. Nene, ile ile ya siku ya kwanza.

Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nne ikatetemeka, ikasimama. Tano. Sita.

Hapo sauti yangu mimi ikakatika. Yake haikukatika. Imran ndiye aliyesema saba. Nane waliisema wote kumi na mmoja.

Wakuu, hii ndiyo sehemu niliyowaahidi. Natamani kuwaambia alifika kumi na sita na mabati ya Mabawa yakapiga makofi. Hapana. Ilikuwa nane, akashusha chombo.

Mzee Yoeli akafumbua macho, akaja, akabonyeza kifungo. Matone manne, matano, yakaanguka kiganjani. Akamwonyesha Mwalimu Mkuu kile kiganja.

"Kimelowa. Kinabaki."

Muhula ule tulifunga tukiwa na nyimbo mbili tu, za vyombo kumi na kimoja, na kila kimoja unakisikia. Nilichojifunza ni hicho: lengo kubwa nililiandika ili nisifiwe mimi, na mtoto akajificha ndani yake. Lengo dogo la mtoto mwenyewe halina pa kujificha.

Walimu, wazazi, mliowahi kupuliza shuleni au kanisani, nileteeni yenu hapa chini. Na kama uliwahi kubeba chombo mwaka mzima bila mtu kujua, leo kiri, hatutakucheka.

Hasa mimi siruhusiwi. Shule ilipofunguliwa watoto walisema haki ni haki, na mimi niandikiwe lengo langu. Aliyeshika kalamu ni Zaituni. Karatasi imebandikwa ukutani karibu na stoo: "Mwalimu asicheke kabla yetu."

Hii ni wiki ya pili. Imran ndiye anayenihesabia.