Majani Yaliyokauka Darini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki: siku jani moja kavu lilipodondoka kutoka darini kwetu Mlola, likaangukia miguuni pangu, nikakosa raha. Nasikia umekwenda kusomea dawa, tena unataka kuchunguza miti shamba yetu. Hongera sana. Basi kaa nikusimulie, na usitazame saa, maana mzee hakimbizwi kwenye maneno yake.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, msichana mwembamba mwenye kiburi cha kujua Kiingereza, nikapata kibarua cha kumsaidia Daktari Anselm. Huyu alikuwa mtafiti wa mimea ya dawa, mtu wa Bukoba, mpole. Kila akifika kwetu humwamkia mama yangu shikamoo kabla hata ya kukung'uta matope. Kazi yetu ilikuwa kuwauliza wazee majani gani yanatibu nini, kuyachuma na kuyakausha, kisha yeye anayapeleka maabara Dar es Salaam. Tulikuwa na jani moja la msituni ambalo wazee waliosha nalo vidonda. Jina lake sikutajii. Si uchoyo, ila nakujua, utalikimbilia kabla sijamaliza.

Sasa, kukausha majani ya utafiti kuna masharti yake. Yasipigwe na jua, yasikae na moshi. Yatandazwe kivulini penye upepo na kugeuzwa kila siku. Tulipotakiwa kwenda Bungu kwa siku kadhaa, nikayatandaza ukumbini nyumbani, nikamwachia mama kazi ya kuyageuza. Masharti yote nikamwambia.

"Nenda bwana," akasema. "Nimelea watoto, nitashindwa kulea majani?"

Tukaondoka. Nyuma yetu ukungu ukashuka, ule ukungu wetu unaoufahamu, ambao nguo zinakaa kambani mpaka zinaanza kunuka. Lakini tuliporudi nikakuta majani yamekauka safi, yamefungwa vizuri kwenye mfuko. Nikashangilia, sikuuliza yamekaukaje. Harufu ya moshi? Mwanangu, katika nyumba zetu za milimani kila kitu kinanuka moshi, hata Biblia, hata gauni la kipaimara. Pua zetu zilishazoea, na pua ya Daktari nayo ilikuwa imekaa huku muda mrefu.

Haukupita muda mrefu Daktari Anselm akarudi kutoka Dar, Landrova ikipiga honi tangu kona ya chini. Jani limefanya kazi! Maji yake yalitiwa kwenye visahani vya kioo vilivyooteshwa vijidudu vya vidonda, na vijidudu vikafa. Loo, furaha iliyoje! Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba akisema huku ndiko kujitegemea kwenyewe. Kanisani akina mama wakampongeza mama yangu, kiongozi wao, kwa kutunza dawa ya taifa. Alicheka kwa haya, lakini nilimwona alivyotembea wiki ile, shingo juu.

Jirani yetu Mama Stella alikuwa na binti mdogo mwenye donda baya mguuni. Alikuwa akimbeba mgongoni mpaka hospitali kwa ajili ya sindano, safari ya kutwa nzima, na shamba lake likawa limemezwa na magugu. Donda lilikuwa linapona, ila polepole. Mwenyekiti akatoa hoja: kwa nini mtoto ateseke barabarani na dawa tunayo mlangoni? Aache sindano, aoshwe kwa jani. Daktari alisita, akasema bado mapema. Lakini furaha ilikuwa imemzidi hata yeye, mwisho akakubali jambo hilo lisemwe kwenye mkutano wa kijiji kesho yake. Mama Stella alikwisha kusema ndiyo. Wewe ungekuwa ndiye mwenye mgongo ule, ungekataa?

Mchana ule mama akapanda darini kuteremsha mahindi. Dari yetu ilikuwa juu ya mafiga, kama dari zote za huku, ili moshi uwafukuze fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Mimi nilikuwa chini napokea. Ndipo katikati ya mahindi likadondoka jani. Nikaliokota. Lilikuwa jani letu la utafiti, jeusi kwa masizi.

"Mama, hili limefikaje huko?"

"Ah, limesahaulika hilo," akajibu kutoka juu, hana hata wasiwasi. "Ulipokwenda Bungu ukungu ulikataa kuondoka, majani yako yakaanza kuota kuvu. Nikayapandisha huku kwenye joto. Si yalikauka vizuri?"

Nikaelewa kwamba moshi ule unaofukuza fukusi huenda ndio uliowaua vijidudu maabara, na jani lenyewe pengine halina lolote. Na kesho Stella anaachishwa sindano kwa ajili yake.

Mama akashuka, akanitazama usoni. "Una nini wewe?" Nikamweleza yote. Nikamweleza na mpango wangu: mkutanoni nitanyamaza, kisha nitamvuta Daktari pembeni nimwambie ni mimi niliyeyapandisha darini. Sikutaka mama aaibike mbele ya watu waliompongeza juzi tu.

Mama yangu hakuwa mkali, mwanangu. Siku ile alikuwa. Aliniambia kwa Kishambaa, maana hasira ya mama haitafuti lugha ya shule. Mimi nakupa kwa Kiswahili.

"Raheli, unataka kunistahi kwa mguu wa mtoto wa mwenzangu?"

"Mama, si siku mbili tatu tu? Daktari mwenyewe atasimamisha..."

"Na donda litakusubiri wewe siku hizo mbili tatu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa wewe unaficha, na atakayeumbuka ni Stella!"

Akabeba kapu lake, akaenda kupukuchua mahindi uani.

Kesho yake watu walijaa uwanja wa shule. Mwenyekiti alisifu jani mpaka akakaukiwa na mate. Alipomaliza, mama akanyoosha mkono. Akasimama, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Ndugu Mwenyekiti, na wewe Daktari, na ninyi wenzangu. Yale majani nimeyaharibu mimi. Niliambiwa moshi ni mwiko, nikaogopa yasioze, nikayapandisha darini. Mwanangu hakujua. Kilichoua wale wadudu huenda ni moshi wa jiko langu. Mama Stella, mwenzangu, nakuomba mpeleke mtoto sindano. Nitakusaidia kumbeba."

Mtu wa nyuma akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Mwenyekiti akasema kwa uchungu, "Mama Raheli, umetuangusha." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Daktari Anselm akasimama, akavua kofia. "Hajatuangusha," akasema. "Mwenye kosa ni mimi. Majani yalipita mikononi mwangu, nisiulize yamekaukaje, kisha nikayatangaza kabla ya kuyapima mara ya pili. Mtoto asiache sindano. Mama, asante sana." Mama Stella akaja akakaa karibu na mama, begani kwa bega, mpaka mkutano ulipofungwa.

Tukachuma upya, tukakausha kwa masharti yote, mimi mwenyewe nikiyalinda kama kuku na mayai yake. Safari hii vijidudu vilistawi visahanini, jani halikuua hata kimoja. Daktari akachukua majani ya mti mwingine kabisa, ya kufagilia tu, akayafukiza moshi, yale yakaua. Akarudi akawaeleza wazee bila kuficha. Wala hakuwaita waongo. Aliwaambia kwamba jani hili, kwa njia aliyolipimia yeye, halikuua vijidudu hivi, basi. Wazee walinuna kidogo, halafu wakamwonyesha mti mwingine.

Lakini usidhani mama alishukuriwa. Watu walimpachika jina, Mama Moshi, watoto kwa wakubwa, na uchaguzi wa akina mama ulipofika hawakumchagua tena. Liliniuma sana jambo lile, na linaniuma mpaka leo, sikufichi. Yeye alikuwa akisema, "Waache waite, jina halichomi." Na ahadi yake hakuivunja. Kila siku ya sindano alimbeba Stella nusu ya njia, Mama Stella akambeba nusu iliyobaki, mpaka donda likafunga.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana nimekuzungusha vya kutosha. Ukiushika mmea, uliza habari zake zote: nani kauchuma, wapi, umekaukia wapi, umepita mikono ya nani. Kuuliza si ujinga, na usione haya kumuuliza hata mama yako mzazi. Jibu zuri ndilo la kulitilia shaka kwanza. Jibu baya halina wapenzi, kila mtu atalikagua. Na ukiliona kosa, liseme mbele ya wale litakaowaumiza, usilipeleke pembeni. Liseme hata kama ni la mtu unayempenda kuliko wote. Heshima ya mzazi haitunzwi kwa maumivu ya mtoto wa mwingine, na mzazi mwenyewe, kama ni mzazi kweli, hataipokea heshima ya namna hiyo.

Stella yupo, ni bibi mwenye wajukuu. Jumapili tunapanda kilima pamoja kwenda kanisani, na kila mara ananiacha nyuma, ananisubiri juu huku ananicheka ninavyohema. Mimi namwacha acheke. Hajui ni furaha gani ananipa kwa kunishinda mbio.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa. Mikono yako isimdhuru mtu aliyekuamini. Na siku utakapolazimika kusimama mbele ya watu useme, "Hapana, tumekosea," Mungu akutie nguvu miguuni, usiketi mpaka umemaliza.