Siku Bwana Badr Alipojibu "Safi"

Kwanza kabisa, Loay hakufa. Watu wa Ansab, hapa Maskati, wameshamzika mara tatu, na habari za maziko yake zimefika mpaka Qantab na Yiti, lakini kijana yu hai, yupo kwao, anakula na kugombana na mama yake. Alichopoteza ni jicho la kushoto. Hilo si dogo, wala hakuna mtu wa nyumba ya marehemu Amur aliyewahi kusema ni dogo. Bunduki nayo haikulia kwa sababu ya mpaka wa shamba, wala kwa sababu ya posa iliyokataliwa. Posa hiyo haijapata kuwapo. Na Bi Shariffa hakusimama juu ya paa akipiga vigelegele damu ikimwagika. Alikuwa juu ya paa, ndiyo, pamoja na wanawake wengine wote. Aliyepiga vigelegele ni mwengine, na anajijua.

Bi Shariffa ni mjane wa Amur. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati angali msichana, akasomea sarufi ya Kiarabu Kairo, kisha akaifundisha miaka thelathini na moja katika skuli ya wasichana. Wasichana wale sasa ni mama za watu, na mpaka leo wakikutana naye dukani hunyoosha migongo na kuchunga wanavyotamka. Amur alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, alimwachia shamba la zamani la mitende lililobanwa katikati ya majumba mapya ya Ansab, lenye mfereji wake wa maji na mnara wake wa udongo. Alimwachia pia mdogo wake, Badr.

Badr alikuja kutoka Unguja akiwa mtu mzima wa miaka arubaini. Alikuwa fundi hodari wa mitambo. Huko karakana lugha ilikuwa Kiingereza cha mafundi na Kihindi cha wasaidizi, nyumbani ilikuwa Kiswahili, na Kiarabu kikawekwa kando cha kujifunza kesho. Kesho hiyo ilikwenda miaka ishirini na zaidi. Lakini sura alikuwa nayo: mrefu, ndevu nyeupe, kilemba kimemkaa. Kwenye sabla, ukumbi wanamokutana wanaume wa mtaa, alikaa mbele, akasikiliza kwa utulivu, na msemaji alipomaliza Badr akasema "zain, zain", vyema vyema, au "naam". Watu wakamsifu kwa uchache wa maneno. Ikitakiwa hotuba, Bi Shariffa aliiandika Kiarabu chake kwa herufi za Kiswahili, akamsomesha jikoni sauti moja moja, mpaka Badr akaweza kusimama nayo mbele ya watu pasi na kutetereka. Nje ya nyumba hakuna aliyejua. Bi Shariffa aliona ni sitara. Ingesemwaje kwamba mkubwa wa nyumba ya mwalimu wa sarufi hajui kuomba maji ya kunywa kwa Kiarabu?

Ghaith, jirani wa upande wa kaskazini, ana kikundi cha vijana wanaoigiza vita vya zamani. Mwaka huu walikuja kuliomba shamba kwa Ijumaa na Jumamosi, waigize vita vya mnara: siku wazee wa Ghaith walipotaka kuukata mfereji, na mzee mkuu wa kina Amur akajifungia mnarani na watu tisa akapigana nao. Vita hivyo havimo kitabuni. Vimo midomoni, na kila nyumba ina namna yake ya kuvisimulia. Ilikubaliwa kila upande uchezwe na wana wa upande huo, na mkubwa wa mnarani awe Badr. Bi Shariffa alikubali kwa fahari. Ni yeye mwenyewe aliyeiteremsha ukutani bunduki ndefu ya utambi ya Amur, akaipangusa kwa kitambaa cha mafuta na kumkabidhi shemeji yake.

Alhamisi Ghaith aliwakusanya wenye bunduki. Aliwaeleza kwa Kiarabu kwamba Jumamosi watajaza baruti tupu, hakuna risasi wala marisawa, vile vijirisasi vidogo. Bunduki yoyote ya ukutani ikwanguliwe kwa ndani kutoka mdomoni mpaka mwisho wa mtutu, maana wazee walikuwa na mazoea ya kuzitundika zikiwa zimejazwa. Kabla ya kupiga, yeye atapita kwa kila mtu na kuuliza "Safi?" Aliyeikwangua atajibu "Safi." Ambaye hakuikwangua ataiweka chini.

Badr alikaa mstari wa mbele. "Zain, zain," alisema.

Ijumaa ilikuwa siku ya mafimbo na panga butu. Mpaka saa tisa ulikuwa mchezo kweli. Kisha mtu mmoja akapigwa kidole, akalipiza kwa ngao, pua ya mwenziwe ikavunjika, na tangu hapo hakuna aliyekuwa akiigiza. Fimbo zilisikika zikitua kwenye nyama. Loay, mdogo wake Ghaith, kijana wa miaka ishirini na nne mwenye mabega mapana, ndiye aliyeongoza washambuliaji mpaka lango la mnara. Alimkuta Badr amesimama. Badala ya kupiga ngao kama walivyofanya mazoezi, alimpiga fimbo ya sikio.

"Sema!" alimpigia kelele kwa Kiarabu. "Toa amri, ya Zinjibari! Umemeza ulimi?"

Katika maneno yote hayo Badr alilifahamu moja tu, Zinjibari, yaani Mzanzibari, na lilimtosha. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshaloa damu begani. Aliinua fimbo akamshushia Loay gotini, kijana akaanguka kifudifudi, akamshushia ya pili mgongoni, na ya tatu ilizuiliwa na watu. Mamia waliyaona hayo, na hayo ndiyo yaliyojengewa uvumi wote.

Magharibi Bi Shariffa alimsafisha sikio jikoni. Lilikuwa limechanika chini.

"Shemeji, kesho usiende. Mwambie Ghaith sikio linakuuma."

"Nimwambie kwa lugha gani?" Badr alicheka, akashika taya kwa maumivu. "Nikikosa watasema mzee kakimbia fimbo. Mie nnakwenda. Kwani kesho kuna nini? Moshi tu."

Jumamosi saa tatu asubuhi watu kumi walijipanga chini ya mnara na bunduki zao. Paulina, mfanyakazi wa nyumbani kwa Bi Shariffa, Mtanzania wa Bukoba, alikuwa nyuma yao akigawa kahawa. Wanawake walikuwa juu ya paa la nyumba ya shamba. Kutoka pale Bi Shariffa alimwona Ghaith akipita mstarini, akisimama kwa kila mtu kidogo, akiendelea. Kwa Badr alisimama kama kwa wengine. Kisha washambuliaji wakatoka mitendeni wakipiga ukelele, Loay mbele, anachechemea kwa goti la jana, panga juu.

Baruti tupu hulia kwa upana, kama mlango mkubwa unaofungwa na upepo. Bunduki tisa zililia hivyo. Ya kumi ililia kwa ukali. Ilikuwa na marisawa ya marehemu Amur, aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya mbwa koko waliorarua mbuzi wake, na baruti yake ya zamani chini yao, na juu yao baruti mpya ya Badr. Kitako kilimrudi Badr kikamvunja mtulinga, akaanguka chali. Hatua kumi na tano mbele yake Loay alisimama wima, panga bado juu. Kilemba chake kilikuwa kimechanika vipande. Alijishika uso, na damu ikamtoka baina ya vidole, ikateremka mpaka viwikoni. Ndipo alipolia. Kilio hicho wanawake waliokuwa paani wanakisikia hata leo.

Ghaith alimtazama mdogo wake, akamtazama Badr, akaita jina la Mungu, na washambuliaji wote wakamwangukia mzee.

Walimpiga kwa vitako vya bunduki walizowapokonya watu wa mnarani. Walimpiga mateke ya mbavu. Mmoja alimpiga kwa ukingo wa ngao mdomoni, meno mawili yakatoka, naye Badr hakuweza hata kujikinga kwa sababu mkono haukuinuka. Watu hao usiku wa Alhamisi walikuwa wamekula naye wali kwenye sinia moja. Wenziwe wa mnarani, wana wa nyumba ya Amur, nao waliingia kwa mafimbo, na pale chini ya mnara watu wakapasuana vichwa bila kujua nani anampiga nani.

Bi Shariffa aliteremka ngazi mbili mbili. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Aliwavuta wanaume kwa makanzu yao, akamuuma mmoja mkono, ndiyo, alimuuma, akapenya mpaka ndani, akajitupa juu ya shemeji yake.

"Mpigeni mke wa Amur kwanza!" alisema kwa Kiarabu chake cha darasani, kila herufi mahali pake.

Kitako kilichokuwa kimeshainuliwa hakikuweza kurudi. Kilimpiga mkono wa kulia, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Sauti hiyo waliisikia wote. Wakaacha. Aliyekuwa ameishika bunduki hiyo ni Ghaith. Aliiachia ikaanguka, akakaa chini mchangani.

Hospitali wakalazwa wote watatu, Loay, Badr na Bi Shariffa, kila mmoja wodi yake. Loay akaingizwa chumba cha upasuaji. Kwenye mlango wa Badr akawekwa askari. Jioni afisa wa polisi alikuja na karatasi, akavuta kiti, akamhoji kwa Kiarabu.

"Ulijua kwamba bunduki ina marisawa?"

"Naam," alisema Badr, kwa mdomo uliovimba.

"Ulimlenga Loay?"

"Naam."

"Kwa sababu ya fimbo ya Ijumaa?"

"Naam."

Afisa aliandika: amepiga kwa kusudi. Na Ghaith naye alikuwa ameshaandikisha lake: nilimuuliza kama ameikwangua, akaniambia ameikwangua. Basi ikawa mzee amepiga kwa kusudi, tena na uongo juu yake. Kosa la namna hiyo kwa mtu wa miaka sitini na moja maana yake ni kufia gerezani.

Habari hizo zilimfikia Bi Shariffa Jumapili asubuhi, ameshatolewa hospitali, yuko nyumbani, mkono umefungwa plasta. Alimwita Paulina.

"Weye ulikuwa nyuma yao. Ghaith alimwambia nini?"

"Mama, neno moja tu. Alimwambia 'Safi?' Mzee akajibu, 'Safi!' Na mkono akampa. Mimi nikacheka moyoni, nikasema kumbe huyu kijana siku hizi anatusalimia Kiswahili."

Bi Shariffa aliinuka. Kisha akasema, "Nipatie baibui langu."

Badr alikuwa amelala, uso umegeuka rangi ya zambarau. Alipomwona alijaribu kukaa.

"Shemeji, ulidhani anakusalimia."

"Nlidhani anajipendekeza kwa ajili ya jana," alisema Badr. "Nikasema alhamdulillahi, kijana kaja kwa heshima, nimpe mkono yaishe."

"Na afisa? Unajua umemwitikia nini?"

"Sijui. Nlimjibu kama nnavyowajibu wote."

Alimweleza. Badr alisikiliza, macho yamefumba. Kisha alimshika ncha ya baibui kwa mkono wake mzima.

"Usiwaambie. Bora jela. Waseme Badr kapiga mtu kwa hasira, mwanamme anaweza kupiga mtu kwa hasira. Usiwaambie nimekaa mbele yao miaka yote hii kama sanamu."

"Watakufunga mpaka ufe."

"Na weye je? Watakucheka weye kabla yangu. Mwalimu wa sarufi! Jina la kaka yangu watalifanya kichekesho cha harusini."

Hilo alikuwa amelijua tangu alipokuwa ndani ya gari. Alikuwa ameshazisikia sauti za wanafunzi wake wa zamani zikipasiana habari kwenye simu. Alijua sabla itakavyocheka. Lakini alikuwa ameiona pia damu ya Loay, na aliwaza kwamba jirani yake ataishi na jicho moja akiamini kwamba mzee waliyekula naye alikusudia kumwua, na watoto wao watairithi chuki hiyo. Alilitoa baibui lake mkononi mwa shemeji yake taratibu.

"Nisamehe, Badr," alisema, akatoka.

Kituoni aliomba Ghaith aitwe. Ghaith alikuja, macho mekundu, hakuthubutu kuitazama plasta.

"Muulize maneno aliyoyasema mstarini," Bi Shariffa alimwambia afisa. "Yale yale, si maana yake."

"Nilisema 'Safi?'" alisema Ghaith.

"Naye?"

"'Safi.'"

"Akaongeza nini?"

Ghaith alifikiri. "Hakuongeza. Alitabasamu. Akanipa mkono." Akasita. "Nilishangaa. Wengine wote hakuna aliyenipa mkono."

Bi Shariffa alimgeukia afisa. Alizungumza polepole, kama mtu anayeimlisha darasani ili kila mmoja apate kuandika. "Kwa Kiswahili neno hilo ni salamu. Ukiulizwa habari gani, unasema safi. Shemeji yangu hajui Kiarabu. Hakuyafahamu maelezo ya Alhamisi, hakulifahamu swali la Jumamosi, na maswali yako matatu ya hospitali hakulifahamu hata moja. Sema naye kwa Kiarabu umwulize kama yeye ni ndege. Atakwambia naam."

Afisa aliondoka na karatasi yake kwenda hospitali. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi hakuwa na uso ule aliotoka nao. "Amesema naam," alisema. Alikaa, akakata maneno "kwa kusudi", akaandika juu yake "kwa kutofahamu", akaisukuma karatasi upande wa Bi Shariffa. Bi Shariffa alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikapinda kama za mtoto.

"Miaka ishirini," alisema Ghaith. Hakuwa akicheka. "Miaka ishirini tunamwomba shauri. Na wewe, mwalimu? Ulijua siku zote?"

"Nimeulizwa habari za bunduki," alisema Bi Shariffa, "na habari za bunduki nimezimaliza."

"Lakini watu watauliza."

"Wataniuliza mimi. Nami ya nyumba yangu sisemi."